Simba, Mbega na Ukuta wa Gare

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 za kona, kuta ndizo zinazokusemesha. Duka la kwanza ni jekundu la kampuni ya simu, la pili ni la bluu la kampuni nyingine, la tatu limepakwa rangi za soda kuanzia msingi hadi chini ya bati. Mwenye duka hakununua hata kopo moja. Kampuni humletea rangi na fundi, naye huwaachia ukuta. Mazungumzo yake hayamalizi kikombe cha chai. Katikati ya matangazo hayo kuna maandishi yasiyo na mfadhili: "Usikojoe hapa", "Nyumba hii haiuzwi". Halafu kuna ile X nyekundu ya hifadhi ya barabara, alama ya nyumba itakayobomolewa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mchoro unaoeleweka haraka kuliko wote nchini. Mtu akiamka akaikuta nyumbani kwake haulizi msanii alikusudia nini.

Nilikuwa nakwenda Gare kwa sababu ya ukuta. Lushoto mjini, kijana mmoja anayeongoza wageni milimani aliniambia kwamba huko kuna shule ambayo wanakijiji wanataka kuuchora ukuta wake wa nje, ule unaotazama njia, na kwamba wiki zinapita hawajapaka hata tone.

"Wamekosa rangi?" nikamuuliza.

"Rangi ipo, kaka. Wamekosa kuelewana."

Angeniambia mchoro umekamilika, huenda nisingepanda. Michoro iliyokamilika nimeiona mingi: gari la mradi linafika asubuhi na msanii aliyeajiriwa, mchoro umeshapitishwa na mtu aliye mbali, watoto wanachovya viganja kwenye rangi na kuvigonga ukutani, picha zinapigwa, bango la wafadhili linakunjwa, gari linashuka. Kwenye ripoti huitwa ushirikishwaji wa jamii. Masika mawili baadaye viganja vimebambuka na hakuna anayejua kopo la rangi ile lilinunuliwa wapi. Ugomvi wa wiki kadhaa juu ya ukuta mmoja ulikuwa jambo jipya kwangu.

Bodaboda ilinipandisha, ikanishusha, ikanipandisha tena. Njia ile haina mahali tambarare pa kuvuta pumzi. Kina mama walikuwa wakishuka na matenga ya kabichi na karoti kichwani, wakitembea kwa mwendo ambao mimi mikono mitupu nisingeuweza, na kila mmoja alitoa salamu: "Onga maundo." Nilijibu kwa Kishambaa changu cha kuokoteza na wakacheka bila kusimama.

Kabla ya kufika shuleni nilipita misheni. Watawa wa Kitrapisti waliotoka Mariannhill, Afrika Kusini, walifika hapa mwishoni mwa karne ya 19 na kupaita Neu-Köln, yaani Köln Mpya. Wajerumani, waliotawala wakati huo, walikuwa na tabia hiyo. Lushoto yenyewe waliiita Wilhelmstal, bonde la mfalme wao. Watrapisti waliondoka mapema katika karne iliyofuata, mashirika mengine yakashika misheni, na Köln Mpya ikaondoka nao. Mlima uliendelea kuitwa Gare. Kanisa limebaki, na watu wanalipenda kwa namna ambayo mgeni anaiona upesi: ua umefagiwa, maua yamemwagiwa maji.

Ukisimama pale unaona mteremko wa ng'ambo, na mteremko ule umechorwa. Mistari ya majani ya guatemala inaukata mlima kwa mlalo, mmoja juu ya mwingine, ikifuata kila bonyeo la ardhi. Kati ya mstari na mstari kuna maharage, viazi, migomba, miti ya grevilea. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nje aliona ninavyotazama, akasema mama yake aliwahi kuulaani mteremko uleule, kwa sauti, mbele ya karani.

Kisa chenyewe kinajulikana milimani kote. Serikali ya kikoloni ilianza kujaribu Mlalo mwaka 1946, kisha miaka ya 1950 ikaueneza Mpango wa Usambara: watu walime kwa matuta ya kukinga mmomonyoko. Vipimo vilitoka ofisini. Machifu wa ukoo wa Wakilindi, chini ya Kimweri Mputa Magogo, walikabidhiwa kazi ya kuwasimamia watu, na asiyetii aliadhibiwa. Mzigo wa jembe uliwaangukia zaidi wanawake, ambao tayari walikuwa na mzigo wa jembe. Watu walilalamika kwamba mavuno yanapungua. Wengi walikuwa na hofu nyingine kubwa zaidi, kwamba shamba likishapangwa vizuri Mzungu atalitamani. Malalamiko yakakua, yakakutana na harakati za TANU, na mwaka 1957 mpango ukafutwa. Watu waliyatelekeza matuta siku ileile walipoambiwa wanaweza.

Udongo, kwa upande wake, haukuacha kushuka bondeni. Mwaka 1981 ukaja mradi mwingine, SECAP, wa serikali ya Tanzania na Wajerumani wa GTZ, na ulikuta shida ileile kwenye miteremko ileile. Safari hii majani yaliyopandwa kuzuia udongo yalikuwa pia chakula cha ng'ombe wa zizini, na ng'ombe wa zizini ni maziwa na samadi. Mkulima aliona faida yake kwenye mstari. Sisemi kila mtu alikubali; iko miteremko iliyo wazi hadi leo na mvua zikija huonekana. Lakini mistari niliyokuwa nikiitazama ilikuwa imekatwa kwa mundu siku chache nyuma, na mradi wenyewe ulikwisha mwaka 2000.

"Wa kwanza walitaka mikono yetu tu," mzee alisema. "Mdomo walituambia tuuache nyumbani."

Nimesoma maandiko marefu juu ya sanaa ya umma na ushirikishwaji, na sikumbuki lililolisema jambo hilo vizuri zaidi. Mara zote mbili mikono ya Washambaa ndiyo iliyochimba. Ukipiga picha ya siku ya kazi mwaka 1952 na nyingine mwaka 1985 utaona umati uleule, majembe yaleyale, na huwezi kujua kwa kutazama picha ni ipi itakayodumu. Ndiyo maana siamini picha za watoto wenye rangi viganjani.

Mzee huyo alikuwa anakwenda mkutanoni. Tukaongozana.

Mkutano ulifanyika darasani, watoto wakiwa wameshatoka. Madawati yalikuwa ya darasa la pili, kwa hiyo wazee walikaa magoti yakikaribia videvu, na hilo lilipunguza heshima ya kikao kwa kiasi fulani. Mwenyekiti wa kitongoji aliuliza kama akidi imetimia, akajijibu kwamba imetimia, akamwomba mwalimu aanze.

Mwalimu alitaka darasa linaloongea litoke nje. Walimu wa shule zetu za msingi wanalifahamu neno hilo. Kuta za ndani za chumba tulichokuwemo zilikuwa zimeshajaa silabi, saa za makaratasi na sehemu za ua. Alipendekeza ramani ya Tanzania, jedwali la kuzidisha, na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwa rangi nne.

"Mwalimu," mama mmoja akasema, "utumbo tuuone kila tukienda sokoni?"

Mwalimu aliokoa ramani. Utumbo ulizikwa hapohapo.

Kijana wangu wa wageni naye alikuwepo, na alikuja na kinyonga. Hoja yake haikuwa mbaya. Milima ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana kwingineko duniani, na wageni hulipa ili kwenda kuwatafuta usiku kwa tochi. Mchoro mkubwa wa kinyonga njiani ungewasimamisha, wakipiga picha wangenunua chungwa, wakinunua chungwa wangeuliza habari za misheni. Aliyataja yote hayo kwa mpangilio mzuri. Kina mama walimsikiliza hadi mwisho kisha wakakataa kwa pamoja. Kinyonga hapendwi. Mmoja aliuliza ni nani atakayemvusha mjamzito mbele ya ukuta huo kila siku. Mwingine akamwambia kijana, kwa upole, kwamba wageni hupita mara moja na wao hupita mara nne kwa siku.

Ndipo mzee wa benchi akasimama, au alijitahidi kusimama, na kumtaka simba.

Alieleza kwa nini. Mbegha, mwindaji aliyekuja kutoka Unguu, aliwapa Washambaa nyama, akaua simba, wakamfanya mfalme, na wafalme wa ukoo wake wa Wakilindi wakaitwa Simba Mwene. Vuga, walikotawala, haiko mbali. Watoto wa hapa, alisema, wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya lakini ukiwauliza nani alikuwa Kimweri wanataja baa. Darasa liliguna kwa kukubali. Nilidhani kikao kimekwisha.

Kutoka dawati la nyuma sauti ikasema, "Basi upande wa pili tuandike Wananchi."

Kwa msomaji aliye nje ya Tanzania: Wananchi ni jina la utani la Yanga, na Simba ni yule wa Msimbazi, na nchi hii inaweza kusameheana mengi isipokuwa ukuta wa umma wenye mnyama huyo. Zogo lilichukua muda. Mzee alisema Simba Mwene hakuwahi kuchezea Kariakoo. Kijana wa nyuma, kwa adabu, alimjibu kwamba yeye anajua hivyo, lakini mtoto wa darasa la kwanza atajuaje, na baada ya mechi ya watani nani atalinda ukuta usitupiwe matope. Wakahamia kwenye rangi, na huko ndiko kuna hatari zaidi. Nyekundu ni Simba, na ni kampuni ya simu. Kijani na njano ni Yanga, na ni CCM. Bluu inamkumbusha mtu chama kingine. Mwenyekiti, ambaye naye ana uchaguzi wake, alianza kutazama saa.

Mimi niliandika daftarini kwamba simba kwenye sanaa ya hadharani nchini kwetu ana historia ngumu hata kabla ya mpira. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, mtu aliyeizima vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani, yule aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, kwenye pwani ambayo milima hii inaitazama. Wissmann alisimama juu. Chini yake askari Mwafrika alimwinulia macho, na simba amelala chini akifunikwa bendera. Hakuna mtu wa Dar es Salaam aliyeulizwa kuhusu simba huyo. Waingereza waliiondoa sanamu, na mwaka 1927 wakaweka pale karibu askari wao wa shaba, ambaye bado yupo akielekeza singe bandarini. Wissmann alipelekwa Hamburg, akasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, na wanafunzi wakamwangusha mwaka 1967, akarudishwa, wakamwangusha tena mwaka 1968. Miaka ya 2004 na 2005 msanii Jokinen alimsimamisha bandarini kwa muda, akawaalika watu wapige kura kwenye intaneti waseme afanywe nini. Yaani swali lililopaswa kuulizwa Dar es Salaam mwaka 1909 liliulizwa Ujerumani karibu karne moja baadaye.

Wakati natafakari hayo mkutano ulikuwa umepata njia. Mama aliyekuwa akimenya njegere kwenye kanga yake muda wote ule alisema tu, "Mchoreni mbega."

Kimya kidogo. Watu walianza kumpima mbega. Yupo msitu wa Magamba, kila mtu amemwona. Hana kampuni wala timu. Ni mweusi na mweupe, na hakuna chama chenye rangi hizo. Zaidi ya hayo, mweka hazina alisema kwa furaha ya wazi, ni makopo mawili tu.

Mzee wa simba aliuliza, "Mbega wa mwituni, au Mbegha mwenyewe?"

"Utakayemwona wewe, baba," mama akamjibu, akaendelea na njegere zake.

Mzee alikaa. Baadaye watu wawili watatu waliomba kwamba ncha ya ukuta inayotazama msikiti isiwe na sura ya kiumbe, na hakuna aliyebisha, ikapangiwa migomba. Ramani ya mwalimu ilipata nafasi karibu na mlango. Kijana wa wageni alipewa kazi ya kutafuta picha nzuri ya mbega kwenye simu yake, nami nilimwona akipita haraka juu ya vinyonga wake wote.

Niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Si kila ukuta unangoja akidi. Kibera, katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka na brashi akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, mabati na vibanda. Hakuitisha kikao, na angeitisha asingekipata. Lakini alikuwa mtu wa palepale. Waliokuwa na vibanda walimjua, na yeyote aliyetaka kufuta alikuwa na uwezo wa kufuta. Hata makundi ya machata ya Dar es Salaam, kama Wachata, yalianza na kuta za mitaa yao. Tatizo langu halijawahi kuwa msanii anayechora bila kibali. Ni msanii anayechora kwa vibali vyote isipokuwa kimoja.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuandaa ukuta, na nilibaki. Fundi rangi, mtu mwembamba mwenye kofia ya karatasi la saruji, alianza kwa kuuchunguza ukuta kwa kiganja. Gare ina ukungu, asubuhi nyingi huwezi kuona goli la upande wa pili wa uwanja, na ukuta ule umeegemea mlima. Unyevu huingia kwa nyuma na kuisukuma rangi mbele; rangi inafura, inapasuka, inabambuka vipande. Alionyesha mahali plasta ilipokuwa na kuvu nyeusi, akatoa brashi ya waya, akawagawia vijana. Watoto walichota maji kwa ndoo ndogo za nyumbani. Vumbi la chokaa ya zamani liliwafanya wote wazee.

Kina mama walikuja na udongo, na hapo ugomvi ukaanza upya. Kwenye nyumba zao za miti na udongo wao ndio huziremba: wekundu chini, weupe juu, kila mmoja akijua korongo gani lina udongo mzuri. Walitaka sehemu ya nyuma ya mbega iwe ya udongo huo. Fundi alisema masika yataufagia.

"Na rangi yako haibambuki?" mmoja akamuuliza. "Udongo ukitoka tunapaka tena asubuhi moja, bure. Rangi ikitoka tunaanza kuchangishana."

Fundi alifikiri, akakuna kofia. Waliafikiana udongo ukae juu, chini ya upenu mpana ambako mvua haifiki, na rangi ya dukani ikae chini ambako matone hurukia. Nilimtazama yule mama akifanya kazi. Alichanganya udongo mwekundu na samadi laini na maji mpaka ukawa mzito kama uji wa mgonjwa, akauchota kwa kiganja kizima, akaukandamiza ukutani na kuuvuta kwa nusu duara kuelekea bega lake, kisha nusu duara nyingine ikigusa ya kwanza. Vidole viliacha michirizi minne myembamba. Alipofika mwisho wa ngazi alishuka, akasogea nyuma hadi njiani, akatazama, akapanda tena kurekebisha nusu duara moja ambayo mimi nisingeiona hata ningelipwa. Fundi rangi alisimamisha kazi yake akawa anamtazama na yeye.

Mchana mweka hazina alinifuata na daftari la michango. Lilikuwa daftari la shule lenye kurasa zilizopigiwa mistari kwa rula: fulani, shilingi elfu mbili, fulani, debe la viazi, fulani, ngazi, ya kuazima, fulani, siku mbili za kazi, fulani, sukari nusu kilo. Nilitoa changu, akakiandika chini ya debe la viazi na kuniomba saini. Nilimuuliza kwa mzaha kama wachangiaji wataandikwa ukutani.

"Tulijadili hilo," alisema. "Hatuandiki mtu. Tukianza, mwenye pesa ndogo atakuja kuonekana mwenye kazi ndogo." Akafunga daftari. "Ila wewe hata tungeandika usingekuwemo. Hukuchota maji."

Kisha akaniuliza kama narudi Lushoto jioni ile, maana nyeupe haitatosha. Walikuwa wamepima mgongo na mkia wakasahau kwamba mbega wa huku ana manyoya meupe marefu mabegani, na wangewachora watatu. Alitaka lita nne, ya maji, si ya mafuta, nimkabidhi dereva wa gari la mboga linalopanda asubuhi. "Hongea sana," akanishukuru kwa Kishambaa, hata kabla sijakubali.

Duka la kwanza mjini lilikuwa limefungwa kwa swala. La pili lilikuwa na nyeupe ya mafuta tu. La tatu mwenye duka alinihakikishia kwamba ana nyeupe ya maji, akapanda stuli, akashusha kopo, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati, na ilikuwa krimu. Alisema ikikauka haina tofauti kubwa. Nilisita, nikatazama saa, nikanunua krimu, na dereva akaipokea asubuhi katikati ya matenga yake matupu. Mpaka naandika haya sijaambiwa mbega wa Gare wana mabega ya rangi gani.